Alama za Mlango wa Jikoni

Nchi yetu mgeni anaweza kuimaliza kwa siku moja, na wengi wanaimaliza. Asubuhi anaanzia ngomeni, anapita nyumba ya forodha ya zamani, anapanda ngazi za nyumba ya mlinzi wa mnara wa taa, halafu saa tisa alasiri, miguu imevimba na chupa ya maji imebaki tone, anafika kwetu, Nyumba ya Tajiri. Kadi moja inamwingiza kote. Kila nyumba inatoboa kona moja ya kadi, na kona ya mwisho huwa naitoboa mimi. Nimekaa kwenye dirisha hilo miaka kumi na mmoja, kwa hiyo wageni wote nawapata wakiwa wamechoka, na labda ndiyo maana watu wanasema nina ulimi mkali. Mgeni aliyechoka ukimbembeleza haingii ndani, anaegemea dirisha lako na kuanza kukusimulia habari za magoti yake.

Kazi yangu ya pili ni mizigo. Mikoba, makapu na miavuli haiingii ndani, kwa sababu kuna mtu aliwahi kugeuka na mkoba wa mgongoni akaangusha saa ya ukutani ya miaka mia. Napokea mzigo, natoa kibati chenye namba, na jioni kilichosahauliwa nakiandika kwenye daftari: kitu gani, siku gani, mwenyewe ni nani kama anajulikana. Nimeshaandika miwani, viatu vya mguu mmoja, na mara moja meno ya bandia. Mwenye meno alirudi kesho yake amefunika mdomo kwa leso, akanionyesha kwa kidole.

Lakini sikukaa kuandika habari zangu. Namwandika Mama Funguo, mtembeza wageni wetu, kwa sababu aliyofanyiwa nimeyaona kwa macho yangu na bado yananikera.

Jina hilo amelipata kwa pete ya funguo kumi na saba anayoivaa kiunoni. Ni mwanamke mfupi, mkavu, anayevaa raba kwa sababu anasema soli ngumu zinaumiza mbao za ghorofani. Shule aliishia darasa la nne. Hata hivyo nimeona wasomi wenye miwani minene wakimfuata nyuma na vijitabu vyao, wanaandika, na akigeuka ghafla wanagongana.

Namna yake ya kutembeza wageni haikufundishwa na mtu. Sebule anaipa dakika tano. Ofisi ya Tajiri, yenye mizani ya kupimia karafuu na kabati la chuma, anaipa tatu. Akifika chumba cha kulala, chenye kitanda cha nguzo nne ambacho wageni wote wanakipiga picha, anasema: "Hiki ni kitanda. Alilala. Twendeni." Halafu anawapeleka jikoni, na huko anakaa nao dakika ishirini.

Jikoni ndiko kwao. Alizaliwa kwenye chumba kilicho nyuma ya jiko hilo, chumba ambacho sasa tunaweka mifagio na ngazi. Mama yake alikuwa mpishi wa Tajiri kwa miaka ishirini na sita. Baba alikuwa baharia, akaondoka na meli, meli ikarudi bila yeye. Mpishi akabaki na watoto wawili, wa kiume na wa kike, na wa kike ndiye huyu.

Ukisimama kwenye mlango wa jikoni utaona miimo yake miwili imechanjwachanjwa kwa kisu. Ni mistari mifupi, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi. Kila mwaka, siku ya kwanza ya mwaka mpya, mpishi aliwasimamisha wanawe hapo, migongo kwenye mbao, akaweka kisu cha mboga juu ya kichwa na kukata mstari. Mvulana alikuwa na mwimo wa kushoto, msichana wa kulia. Kabla ya kupima alisema maneno yale yale: "Vua viatu, usiniibie." Maana walikuwa wanapenda kuongeza urefu kwa visigino, na mama hakutaka kudanganywa na watu aliowazaa mwenyewe.

Kwenye mwimo wa kulia kuna jambo ambalo Mama Funguo alilipenda kuliko yote. Mistari inapanda vizuri, mpaka pale usawa wa kifua changu. Hapo, mstari mmoja uko chini ya ule uliotangulia, kisha mistari inaanza kupanda tena. Wageni humuuliza: mtoto gani anapungua? Naye huwacheka. Mwaka ule Tajiri aling'oa sakafu ya zamani ya jikoni akaweka mpya ya saruji, ikakaa vidole vinne chini ya ile ya zamani. Msichana aliposimama kupimwa akakuta amekuwa mfupi. Alilia mpaka akapata kwikwi. Mama yake akamwambia, "Hujapungua wewe, sakafu ndiyo imeshuka." Mwimo wa kushoto hauna kituko hicho, kwa kuwa wakati huo mvulana alikuwa ameshaondoka. Tajiri alimwona ana akili ya hesabu akampeleka shule ya bweni.

Msichana yeye hakupelekwa popote. Mwaka huo huo mama yake aliungua mkono wa kulia kwa mafuta, na mtu wa kushika sufuria alihitajika.

Huyo kaka nilimfahamu. Alikuwa mkuu wa bandari mpaka alipostaafu, mzee mrefu, nadhifu, mwenye kofia ya kijivu. Anakaa mji wa upande wa pili, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na kwetu huko ni mbali, kwa sababu ukiendelea zaidi umeshatoka nje ya nchi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alikuja kumwona dada yake, peke yake, na kapu. Kapuni siku zote kulikuwa na sukari na vipande viwili vya sabuni. Walikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, wanaongea polepole na kucheka, na kabla ya saa tisa, wageni hawajajaa, alikuwa ameshaondoka. Mimi nina kaka watatu, hakuna anayekumbuka hata naishi mtaa gani. Nilimwonea wivu Mama Funguo, nasema kweli.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikwaruza. Huko kwake yule mzee alijulikana kama mtoto aliyelelewa na Tajiri. Wengine walisema ni mpwa wake, wengine mwana wa kambo. Nilipomuuliza Mama Funguo alinijibu, "Watu wa kule wanapenda kukuza mambo." Nikaacha. Nchi ndogo inatunza siri kwa njia hiyo, kila mtu anajua asiulize nini.

Mwaka juzi nyumba ikafungwa miezi mitano kwa ukarabati. Akaletwa mtaalamu wa majengo ya kale, kijana mpole anayepima kila kitu mara tatu. Alipima na zile alama. Akaandika kwenye ripoti yake kwamba mwimo wa kushoto ni wa mtoto mmoja, na mwimo wa kulia ni wa watoto wawili, kwa sababu binadamu hapungui. Jumla watoto watatu. Na Tajiri alikuwa na watoto watatu. Hesabu ikakaa sawa kama kifuniko na chungu chake, na hakuna aliyeona haja ya kuchunguza sakafu.

Mama Funguo alipanda ofisini kwa mhifadhi, ambaye ndiye mkubwa wetu sote, akamweleza. Mhifadhi si mtu mbaya. Alimsikiliza, akamwambia aandike maelezo yake, naye akaandika kurasa mbili kwa mwandiko wake wa darasa la nne, na sakafu, na mafuta, na "vua viatu, usiniibie". Lakini makumbusho yana kanuni: neno lolote linalowekwa ukutani liwe na hati moja au mashahidi wawili waliokuwepo. Hati haikuwepo. Watoto wa Tajiri wote walikuwa wameshafariki.

"Wewe ni shahidi mmoja," mhifadhi alimwambia. "Niletee wa pili, naandika unavyotaka."

Alitoka humo ofisini anatabasamu mpaka mdomo unataka kugusa masikio, kwa sababu wa pili alikuwa naye. Alitaka sentensi moja tu, kwamba alama hizi zilikatwa na mpishi wa nyumba akiwapima wanawe. Katika vyumba kumi na vinne vya nyumba ile hapakuwa na kitu chochote chenye habari ya mama yake. Hata masufuria yalikuwa yameandikwa jina la Tajiri.

Jumapili ya kaka ilipofika nilikuwepo, nakula chakula changu kwenye meza ya jikoni, mahali ambapo hairuhusiwi kula.

"Kaka, nahitaji neno lako," alianza.

"Neno tu? Nilivyoona umenuna nikadhani unataka figo."

Wakacheka. Kisha akamweleza yote, ripoti, kanuni, mashahidi. Mzee alivua kofia, akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

"Usihangaike kuandika barua," alisema mwishowe. "Nitakwenda kwa mhifadhi mimi mwenyewe."

"Utamwambia habari za mama?"

"Nitasema kila kitu, mdogo wangu. Kula sukari yako kwa raha."

Na kweli alikwenda. Jumatano ile nilimwona akipanda ngazi za ofisi, suti ya kahawia, kalamu mfukoni. Alikaa huko nusu saa. Aliposhuka alinisalimia vizuri sana, akaniuliza na hali ya watoto. Mama Funguo nilipompa habari alizishika funguo zake kwa mikono miwili, zisilie, akasimama tu akitazama ngazi.

Miezi miwili iliyofuata alikuwa mtu mwingine. Alipaka nta meza ya jikoni mpaka ukiinama unaona pua yako. Alikuja na gauni jipya la kijani ili nimwambie kama linafaa kwa siku ya ufunguzi rasmi, maana wageni tulikuwa tumeshaanza kuwapokea. Nilimwambia linamfanya aonekane kama bibi harusi ambaye bwana harusi wake amechelewa kuja. Alinipiga na kitambaa cha vumbi.

Vibao vya shaba vililetwa siku ya Alhamisi kwenye sanduku la mbao. Mizigo napokea mimi, kwa hiyo nililifungua mimi. Cha jikoni kilikuwa cha nne kutoka juu. Kiliandikwa: *Kwenye mlango huu mwenye nyumba aliwapima watoto wake watatu kila mwaka. Alama zilikatwa kwa mkono wake.*

Nilikisoma mara mbili. Nikapanda ngazi za ofisi kwa hasira, na mlango sikubisha.

"Mmepata mashahidi wawili, mmeandika upuuzi gani huu?"

Mhifadhi hakunigombeza. Alifungua faili, akageuza karatasi upande wangu. Ilikuwa hati, imesainiwa, na chini ya saini kimeandikwa cheo cha zamani cha bandari. *Mimi nililelewa katika nyumba hii kama mwana wa familia,* ilisema. *Nilishuhudia mwenye nyumba akiwapima wanawe mlangoni pa jikoni. Watumishi walikuwa wengi, walikuja na kuondoka. Simkumbuki mpishi.*

"Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika," mhifadhi alisema. "Ni mtu mzima, mkubwa kuliko Mama Funguo, na ameweka saini. Mimi nifanye nini?"

Kumpelekea Mama Funguo habari ile kulinishinda. Nilishuka, nikazunguka bustani, nikarudi, nikapanga vibao upya. Mwishowe alinijia mwenyewe akauliza kama sanduku limefika. Sikuwa na pa kuangalia. Nilimwambia apande juu.

Nilikwenda naye. Alisoma ile karatasi polepole, kidole chini ya kila mstari, kama anavyosoma siku zote. Alipofika mwisho alirudisha kidole kwenye sentensi ya mwisho na kukiacha hapo.

"Saini ni yake," alisema. "Mwandiko huu naujua, mimi ndiye niliyekuwa namfutia ubao wakati anajifunza."

Hakulia. Ningependa alie, nijue la kufanya. Aliomba ruhusa, akashuka, na alasiri ile akawatembeza wageni ishirini na wawili bila kukosea chumba. Jikoni aliwapa dakika mbili.

Siku ya ufunguzi ilifika. Jumapili moja ilikuwa imepita katikati, na kaka hakuja, alituma salamu kwamba mgongo unamsumbua. Mgongo huo ukapona kwa ufunguzi. Alishuka kwenye gari la kwanza kati ya mawili, na mke wake, watoto wake wawili na wenzi wao, na wajukuu wamevaa soksi nyeupe. Alialikwa kama mgeni wa heshima, mtu wa mwisho aliyekulia ndani ya nyumba. Mama Funguo alisimama mlangoni na gauni la kijani. Nilimwona amefungua mdomo, nadhani alitaka kumwamkia kama anavyomwamkia siku zote. Mzee akamwahi.

"Habari yako, mama. Wewe ndiye utakayetutembeza?"

Mama! Mtu aliyelala naye mkeka mmoja. Mke wake akamtazama Mama Funguo kwa upole, kama unavyomtazama mtu wa kazi mwenye umri, na nikaelewa kwamba hajawahi kumwona maishani mwake. Wala watoto. Jumapili zote zile, sukari yote ile, na nyumbani kwake hakuna aliyejua kwamba kuna dada.

"Nzuri," Mama Funguo alijibu. "Karibuni. Naomba msiguse kuta."

Nilifunga dirisha nikawafuata. Nilijiambia kwamba leo namwaga kila kitu mbele ya watu, potelea mbali kazi. Mama Funguo alinisoma usoni kabla hatujamaliza sebule. Alipita karibu nami akaninong'oneza, "Usithubutu. Kuna watoto hapa."

Jikoni mhifadhi aliondoa kitambaa kwenye kibao, watu wakapiga makofi. Mjukuu mmoja, msichana wa miaka saba hivi mwenye pengo mdomoni, alikimbilia mlango akabandika mgongo kwenye mwimo wa kulia.

"Babu, nipime na mimi!"

"Vua viatu kwanza," mzee akasema. "Usiniibie."

Yalimtoka yenyewe, na kwa sauti ambayo si yake, sauti ya kike yenye mzaha. Wakwe wakacheka. Mhifadhi hakucheka, kichwa chake kiliinuka. Mama Funguo alikuwa ameshika funguo, na hazikutoa mlio wowote.

"Nani kaiba?" mtoto akauliza akivua viatu.

"Hakuna. Ndivyo tulivyokuwa tunaambiwa hapa."

"Na nani?"

Mzee alimtazama dada yake. Ulikuwa mtazamo mfupi, lakini nilikuwa nimesimama katikati yao na niliuona. Alikuwa na nafasi. Angesema neno moja tu.

"Ah," akasema. "Mtumishi mmoja wa zamani."

Mtoto aliridhika, watoto huridhika upesi. Aligeuka kuangalia mistari, akaona kile wanachokiona wote. "Mbona huyu alipungua?" Akamuuliza Mama Funguo, kwa kuwa ndiye mtembeza wageni.

"Kibao kinasema ni mtoto mwingine," Mama Funguo alijibu.

"Kibao kinasema." Hivyo tu. Akawaongoza kwenda ghalani.

Jioni mhifadhi alimwita, akaniacha na mimi niingie kwa kuwa hakuwa na nguvu za kunizuia. Alikuwa na kurasa mbili za Mama Funguo mezani. "Nimeyasikia," alisema. "Ni maneno yako haya haya, neno kwa neno. Naamini kila ulichoandika. Lakini hati ina saini, na anayeweza kuifuta ni aliyeisaini." Akampa fomu ya mistari mitatu, ya kutengua ushahidi. Kaka akiisaini, kibao kingebadilishwa ndani ya mwezi. Mama Funguo aliikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa gauni.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata, saa sita na nusu, mzee akaja. Peke yake, kofia ya kijivu, kapu. Nilipomwona nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini nilikuwa nimeahidi kufunga mdomo.

"Hujambo binti. Yupo?"

Nikamwita. Alikuja bila haraka, funguo zinalia hatua kwa hatua. Hakwenda kukaa kizingitini. Alisimama mbele ya dirisha langu na kuniambia mimi, si yeye:

"Mkatie kadi."

"Kadi?" mzee akauliza.

"Mgeni huingia kwa kadi. Na kapu libaki hapo."

Alicheka kidogo. Alipoona hakuna anayecheka naye alitoa pesa. Nilitoboa kona, nikapokea kapu, nikampa kibati namba tisa. Hapakuwa na mgeni mwingine, nikaacha dirisha na kuwafuata kwa mbali.

"Karibu, mzee," Mama Funguo alianza. "Naomba usiguse kuta."

"Dada, mambo gani haya?"

"Hii ni sebule."

Alimpitisha kote. Sebuleni dakika tano, ofisini tatu, mizani, kabati la chuma. Mzee alifuata, kofia mkononi. "Hiki ni kitanda. Alilala. Twende." Na huko juu alijaribu mara mbili kusema jambo, na mara zote mbili alielezwa habari za dari.

Walipofika jikoni Mama Funguo alisimama chini ya kibao akakisoma kwa sauti, kidole chini ya kila mstari, mpaka nukta ya mwisho. Halafu akatoa fomu mfukoni, akaikunjua kwenye meza aliyoipaka nta, akaweka kalamu juu yake.

"Una swali, mzee?"

Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alionekana mkongwe ghafla. "Wewe hujui nilivyobanwa, mdogo wangu. Mke wangu alinipokea hivyo. Wakwe zangu walinipokea hivyo. Miaka arobaini. Leo niseme mama yangu alikuwa anapika jikoni kwa watu, na wewe uko hai, na nilikuficha? Wataniona mwongo kwa kila kitu."

"Nimeuliza kama una swali."

"Mama angenielewa. Unajua kwamba angenielewa."

"Mama gani?" alisema Mama Funguo. "Mpishi humkumbuki. Umeandika mwenyewe."

Mzee alichukua kalamu. Aliishika juu ya karatasi muda mrefu, na nikamwona Mama Funguo amesogea nusu hatua kuelekea meza, kwa maana hata baada ya yote yale alikuwa bado anatumaini. Kisha akailaza kalamu tena, taratibu, katikati kabisa ya fomu.

"Nipe muda kidogo," alisema.

Mama Funguo alichagua ufunguo mmoja kati ya kumi na saba, akafungua mlango wa nyuma wa kutokea nje, ule wa wageni waliomaliza. "Mlango wa kutokea ni huu," alimwambia. "Asante kwa kututembelea."

Mzee alitoka. Alipita kando ya ile miimo yenye alama bila kuitazama, na ndani ya dakika chache nikasikia gari linaondoka. Mlango wa nyuma hauna dirisha la mizigo. Wageni wengi husahau kwa sababu hiyo.

Saa kumi na moja, tulipokuwa tunafunga, nilikagua rafu. Palikuwa na mwavuli mmoja, na kapu namba tisa. Nilitoa daftari. Nikaandika tarehe, mwavuli mweusi wa mwanamke wa kikundi cha saa tisa. Chini yake nikaandika kapu moja, sukari kilo moja, sabuni vipande viwili. Mama Funguo alikuwa amesimama karibu yangu, anazifunga funguo kwenye kamba yake ya usiku.

"Hapa kwa mwenyewe," nilimuuliza, "niandike nani?"

Alilitazama kapu, akatazama daftari.

"Andika hajulikani."